Mtoto wa siku 19 ana udata: tukate au tuache? Naomba uzoefu wenu

Mama Nadhir (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine una mtoto, mnivumilie.

Nina mtoto wa kwanza, wa kiume, leo ana siku 19. Alizaliwa na kilo 3.2, kwa njia ya kawaida, hana shida nyingine. Tangu siku ya pili kunyonyesha kunaniuma. Nikaambiwa uzao wa kwanza ndivyo ulivyo, chuchu zitakomaa. Siku ya tano zikachanika. Sasa hivi akianza kujinyonganyonga usiku kutafuta ziwa, machozi yananitoka kabla hajalia yeye. Akishika anabana kwa fizi, anavuta mara tatu nne, anaachia, kunasikika kamlio "tk, tk", maziwa yanamwagika pembeni ya mdomo, anashika tena. Hivyo hivyo dakika 50 mpaka saa nzima, halafu analala kwa kuchoka, si kwa kushiba. Chuchu ikitoka mdomoni mwake imebinyika, bapa upande mmoja, ncha nyeupe.

Juzi mama mkwe kaja kutoka Tanga kuniuguza. Mtoto akalia, akamtazama mdomoni, akasema papo hapo: "Huyu ana udata." Akanionyesha. Chini ya ulimi kuna kamba nyembamba nyeupe imekuja hadi karibu na ncha. Akilia, ulimi haunyanyuki, unaingia ndani katikati, unakuwa kama kopa la karata. Mimi siku zote hizo nilikuwa namwangalia macho na vidole, sikuwahi kuangalia chini ya ulimi.

Kuanzia hapo nimepata majibu matatu. Mama mkwe anasema kuna bibi kule kwao anakata kwa wembe mpya na kupaka chumvi, na ndiye aliyemkata hata mume wangu. Zahanati walimpima, kilo 3.15, muuguzi akasema udata si ugonjwa, utajiachia wenyewe. Jana tukaenda hospitali moja ya binafsi. Daktari akamfungua mdomo sekunde chache, wala hakuomba kumwona akinyonya, akasema aje kesho akatwe kwa leza, na kamba ya mdomo wa juu nayo ikatwe humo humo. Bei aliyotaja ni ya kumaliza mshahara wa baba mtoto.

Wifi yangu naye kaniambia kwenye simu asipokatwa atakuwa bubu au na kigugumizi, lawama zitanirudia mimi.

Naomba waliopitia. Mlikata? Mliacha? Mlijuaje?

---

Baba Wawili

Pole sana shemeji. Binti yetu wa kwanza alikatwa akiwa na siku 6, hospitali, kwa mkasi. Nilikuwa nimemshika kichwa mwenyewe. Haikufika hata dakika, akalia kama amepigwa sindano, akawekwa titi, kimya. Mke wangu aliniambia pale pale ameona tofauti. Mimi nasema kata mapema.

---

Nyumba ya Tatu

Dada, mimi niko upande wa pili. Wangu wa pili alikuwa na udata hasa, ulimi hauvuki fizi ya chini. Kila aliyekuja kumwona mtoto alitoa ushauri. Lakini alinyonya vizuri kuliko hata kaka yake, mimi sikuumia, na mwezi wa kwanza aliongeza zaidi ya kilo moja. Daktari wa watoto akaniuliza, "Sasa tunatibu nini hapa?" Sikuwa na jibu. Tukaacha. Yuko darasa la pili, anasoma Kurani na kuhesabu, matamshi safi. Kitu pekee, akila koni hailambi kwa ulimi mrefu kama wenzake, anaing'ata.

Simaanishi na wewe uache. Wewe unaumia na mtoto hajarudisha uzito wa kuzaliwa. Hali yako si kama yangu.

---

Mkunga Mstaafu

Mwanangu Mama Nadhir, hongera kwa uzazi na pole kwa maumivu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, kwa hiyo nitaandika kirefu. Soma hata kwa vipande.

Kwanza, wembe hapana, uwe mpya ama wa zamani. Chini ya ulimi wa mtoto kuna mishipa ya damu, na pembeni ya ile kamba kuna matundu ya mifereji ya mate. Kuna mpaka wa kukata na mpaka wa kuacha, na hauonekani kwa mtu anayekata sebuleni chini ya taa. Wadudu wa pepopunda nao hawajali kama wembe umetoka kwenye karatasi yake sasa hivi. Mama mkwe wako anakupenda, na amekuonyesha kitu ambacho wengine hawakukiona siku zote hizo, mshukuru kwa hilo. La wembe mkatalie kwa adabu, na baba mtoto ndiye aliseme, lisitoke kwako.

Pili, kamba chini ya ulimi kila mtu anayo. Simama kwenye kioo unyanyue ulimi, utaiona yako. Udata ni pale inapokuwa fupi, au nene, au imeshikia karibu na ncha kiasi cha kuuzuia ulimi. Watoto wenye hali hiyo si wachache. Tafiti nyingi hutaja kati ya 4 na 11 katika kila 100, wa kiume wakiwa wengi zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wake mwaka 2024, kikasema chini ya nusu ya watoto wenye dalili za udata ndio wanaopata shida ya kunyonya. Kwa hiyo kuiona kamba hakutoshi kumpeleka mtoto kwenye mkasi. Anayetaka kuamua kwa kumfungua mdomo tu, kama huyo wa jana, ameangalia ulimi, hakuangalia mnyonyo. Mtoto hanyonyi kwa ulimi peke yake, ananyonya na wewe.

Kwa hiyo kabla ya yote, tafuta mkunga au muuguzi wa unyonyeshaji akae nawe dakika 40, amwone anavyoshika, tangu mwanzo mpaka anaachia. Wakati unamtafuta, fanya hivi. Keti ukiwa umeegemea kidogo nyuma, mtoto alale juu yako tumbo kwa tumbo, sikio, bega na nyonga vikiwa mstari mmoja. Chuchu ielekee puani mwake, siyo mdomoni. Subiri afunue mdomo kabisa kama anayepiga miayo, ndipo umlete kwenye titi, kidevu kitangulie kuzama. Usimpelekee titi, mlete yeye. Akishika ncha tu, ingiza kidole chako kidogo pembeni ya mdomo, mwachishe, anzeni upya, hata mara tano. Mwenye udata ulimi wake haufiki mbali, kwa hiyo anahitaji nyama nyingi zaidi ya titi mdomoni kuliko mtoto mwingine, na nyingi iwe ya upande wa chini.

Angalia pia kama ana utando mweupe mashavuni usiotoka ukiufuta. Hao ni fangasi, nao huchoma chuchu kama moto, na mkasi hauwaponyi. Na titi likiwa jekundu, gumu, moto, ukapata homa, usisubiri kujibiwa humu, nenda hospitali usiku huo huo.

Tatu, uzito. Mtoto hupungua siku za mwanzo, si tatizo, lakini kufikia wiki 2 tunategemea awe amerudi alipozaliwa. Wako ana siku 19 na bado anadaiwa gramu 50. Si janga, ila hatungoji. Baada ya kila mnyonyo kamua kwa mkono, mpe kwa kikombe kidogo, ukikigusisha mdomo wa chini avute mwenyewe, usimmiminie. Hesabu nepi za mkojo, zikiwa 6 au zaidi kwa siku moja na usiku wake, anapata. Mpime kila wiki, mzani ule ule.

Nne, nijibu maswali mawili. Alichomwa sindano ya vitamini K pajani alipozaliwa? Na upande wa kwenu, kwa mama yako hasa, kuna mwanamume aliyetoka damu sana alipotahiriwa?

---

Mama Nadhir

Shikamoo mama. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea mume wangu kwa sauti. La wembe ameshalimaliza yeye.

Vitamini K nimeangalia kwenye kadi, imeandikwa, alichomwa. Hilo la tohara sikulielewa, lakini nimempigia mama. Amekaa kimya kidogo, akaniambia kaka yake mkubwa alipotahiriwa alitoka damu siku mbili, akapelekwa hospitali akaongezewa damu. Kijijini walisema amerogwa. Nimekua na huyu mjomba na sikuwahi kuisikia habari hii.

Kwa nini umeuliza?

---

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimeuliza kwa sababu hiyo hiyo. Vitamini K husaidia damu igande, na hilo la tohara nalo ni la damu.

Kuna ugonjwa wa damu kutoganda, himofilia. Mwanamke huubeba, mara nyingi bila kuonyesha lolote, na anayeugua kwa kawaida ni mtoto wa kiume. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtoto wa kiume ana hatari, unawauliza wajomba, si baba yake. Kwetu tohara ndiyo mara ya kwanza mvulana anakatwa, hivyo ukoo unakumbuka hata kama hauna jina la ugonjwa.

Inawezekana mjomba alikatwa vibaya tu, hana ugonjwa wowote. Lakini mwanao asikatwe popote, ulimi wala tohara, mpaka apimwe kuganda kwa damu. Mwambie daktari maneno haya haya ya mama yako, mpaka hilo la siku mbili na kuongezewa damu.

---

Nyumba ya Tatu

Nimesisimka mwili. Na jana walikuwa tayari kumkata leo!

---

Baba Wawili

Nimefuta kauli. Sisi hatukuulizwa hata moja kati ya hayo mawili. Tulipita salama tu.

---

Mvuvi wa Ziwa

Mama Nadhir, kuhusu bubu na kigugumizi nina la kukuambia, na linaniuma kulisema.

Kijana wangu alifika miaka miwili na nusu bila neno. Anacheka, anacheza, ananivuta mkono kunionyesha maji, lakini neno hakuna. Nyumba nzima ikasema udata. Kweli alikuwa na kamba fupi kidogo. Nikakopa, nikampeleka akatwe. Umri ule hatulii, kwa hiyo ilibidi apigwe nusu kaputi. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikiwa nimeshika viatu vyake mkononi, kwa sababu walimvua nikawa sijui niviweke wapi.

Tukarudi nyumbani tukasubiri maneno. Mwezi, miezi mitatu, miezi sita. Tukaanza kumlaumu aliyekata kwamba hakukata vizuri. Siku moja mwalimu wa chekechea alipiga sufuria nyuma yake watoto wote wakashtuka, yeye akaendelea kupanga visoda vyake. Mwalimu ndiye aliyetuambia mpelekeni akapimwe masikio. Hasikii sikio moja kabisa, la pili anasikia kwa shida. Sasa anavaa kifaa, anaongea, ana miaka mitano. Lakini ile miezi yote tuliyosubiri ulimi ufanye kazi ya sikio, siwezi kumrudishia.

Daktari wa masikio alinieleza, udata haumfanyi mtoto awe bubu. Mwenye udata anaongea, maneno yanakuja kwa wakati wake, ila anaweza kupata taabu kwenye baadhi ya sauti zinazotaka ncha ya ulimi ipande juu. Mtoto asiye na maneno kabisa akiwa na mwaka na nusu, anza na masikio. Kama anasikia vizuri na bado haongei, hakuangalii usoni, haonyeshi kitu kwa kidole, aangaliwe usonji. Kigugumizi nacho hakiko kwenye ile kamba.

Wifi yako hana nia mbaya, na mimi sikuwa nayo.

---

Mama Nadhir

Kaka, asante kwa kuliandika. Nimemtumia wifi uzi, amesoma hapa kwako, amenipigia analia.

---

Shamsa wa Kisauni

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo Mombasa, naongezea alipoachia Mvuvi. Kila mwaka napata mzazi aniambiaye mwanangu hawezi kusema "r", akatwe ulimi? Mtoto wa miaka mitatu kusema "lafiki" badala ya rafiki ni jambo la umri, "r" huchelewa. Mwenye kithembe naye si lazima awe na udata. Na wapo watu wazima wasemao "kurara" kwa kulala, na ndimi zao ni ndefu zatosha. Hiyo ni lugha ya mama.

Nikiwa na shaka mimi humwambia mtoto atoe ulimi alambe mdomo wa juu, kisha aupeleke huku na huku. Akiweza, ulimi hauna makosa. Asipoweza, na ana miaka minne mitano, na maneno hayaeleweki na watu wa nje, hapo mzazi amwone daktari na mtaalamu wa usemi pamoja. Hata akikatwa umri huo atahitaji mazoezi ya matamshi, kwani ulimi umeshazoea njia yake.

Kingine, huku kwetu watu wachanganya udata na kimeo. Kimeo ni kile kinachoning'inia kooni. Hicho kukatwa na waganga kwa sababu ya kikohozi ndiyo balaa jingine, watoto hufikishwa hospitali wamelowa damu. Mtu akikwambia "nampeleka kukatwa", muulize wapi hasa.

---

Niko Leicester

Salaam kutoka Uingereza. Huku udata umekuwa gumzo la kila kundi la kina mama, nami nilikata wa kwangu mwaka juzi, kwa hiyo nilisoma nilichoweza kukipata.

Jopo la Cochrane, wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, lilikusanya majaribio yaliyofanyika hadi 2017. Yalikuwa matano tu, jumla ya watoto 302. Walichokiona ni kwamba kukata kulipunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi. Kwa upande wa mtoto kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakuwa ya namna moja. Baadaye hapa Uingereza wakafanya jaribio linaloitwa FROSTTIE, watoto 169, wengine wakatwe na kusaidiwa kunyonya, wengine wasaidiwe tu. Lilisimamishwa kabla ya kufikia idadi waliyotaka. Walipofika miezi 3, waliokuwa bado wanapata maziwa ya mama walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Lakini wengi wa kundi la kutokatwa nao waliishia kukatwa, kwa hiyo ulinganisho uliharibika. Ndiyo maana madaktari wawili waliosoma sana wanaweza kukupa majibu tofauti na wote wasiwe waongo.

Marekani kwa mujibu wa kumbukumbu za hospitali, watoto wanaoambiwa wana udata waliongezeka zaidi ya mara 8 kati ya 1997 na 2012. Ndimi za watoto hazikubadilika kwa miaka 15. Sehemu ya sababu ni kwamba kina mama walirudi kunyonyesha, na hilo ni jema. Sehemu nyingine ni leza na biashara.

Kuhusu leza uliyoambiwa: ule mwongozo wa 2024 aliotaja mama mkunga unasema hakuna ushahidi kwamba inashinda mkasi. Na kukata kamba ya mdomo wa juu ili mtoto anyonye hawaungi mkono. Kwa hiyo sehemu ya bei uliyotajiwa ni ya kitu ambacho hakihitajiki.

Mimi nilikata kwa sababu ya maumivu. Kwangu yalipungua kwa siku kama kumi, si papo hapo.

---

Mama Nadhir

Wakuu, narudi na taarifa. Leo siku ya 26.

Nilipata muuguzi wa unyonyeshaji kwenye hospitali ya serikali. Alivaa glavu akamwekea kidole mdomoni, anyonye kidole kwanza. Akanambia ulimi wake unakuja mbele kidogo halafu unarudi nyuma, ndio ule mlio. Akanibadilisha mkao kama alivyosema mama mkunga, nikiwa nimeegemea. Ziwa la kulia maumivu yakashuka nusu siku ile ile. La kushoto bado.

Nakamua baada ya kunyonyesha, nampa kwa kikombe cha kupimia dawa. Mama mkwe ndiye fundi wa kikombe, mimi mikono inatetemeka. Leo mzani umesoma kilo 3.3. Nimepiga picha ule mzani.

Damu imechukuliwa kupima kuganda, pamoja na kile kipimo cha himofilia yenyewe. Tunasubiri. Baba mtoto amesema bila majibu hakuna mtu atakayemgusa.

---

Mkunga Mstaafu

Gramu 150 kwa wiki. Mwanzo mzuri, tunataka isogee zaidi kidogo. Usiache kukamua, hata ukichoka. Maziwa uliyokamua yasizidi muda wa saa 4 nje ya friji, na kwa joto la Dar usifike hata huko.

Ziwa la kushoto jaribu kumpakata kwapani, miguu yake ielekee nyuma yako. Mpe siku chache. Ikishindikana, hapo ndipo kukata kuna sababu, na utakuwa unajua unakata kwa ajili gani.

---

Mama Nadhir

Siku ya 33. Kilo 3.52. Majibu ya damu yametoka, yote sawa, hana himofilia. Mama yangu alipiga vigelegele kwenye simu, halafu akasema atamwambia mjomba naye akapime, ana miaka 61 na hajawahi.

Ziwa la kushoto limegoma. Kidonda kinafunga mchana, usiku kinafunguka. Nimeanza kuliogopa ziwa langu mwenyewe, natafuta visingizio nimpe la kulia. Daktari wa masikio, pua na koo alitaka kumwona ananyonya, akakaa mpaka mwisho. Akasema uzito unapanda kwa sababu ya kikombe na jasho lako, siyo kwa sababu ulimi umepata nafasi. Akatueleza pande zote: tunaweza kuendelea hivi hivi na huenda akikua mdomo ukapanuka mambo yakaboreka, au tukate sasa akiwa bado mdogo, bila nusu kaputi. Damu kidogo ni kawaida, mara chache hutoka nyingi, mara chache huingia wadudu au kamba hujishika tena, na huenda maumivu yasiishe. Hakutusukuma. Alituacha wenyewe chumbani tukazungumza.

Tumeamua akatwe. Kesho asubuhi.

---

Baba Wawili

Mungu amtangulie. Mshike wewe mwenyewe kama watakuruhusu.

---

Mama Nadhir

Nimechelewa kurudi, nilikuwa nalala. Nitawaeleza ilivyokuwa maana najua kuna mama mwingine atasoma usiku kama nilivyokuwa nasoma mimi.

Walituambia tusimnyonyeshe muda kidogo kabla, ili aje na njaa. Wakamviringisha kwenye kanga yangu mikono ikiwa ndani, akabaki kichwa. Nilitaka kumshika, miguu ikakataa, akamshika mama mkwe. Yule yule wa wembe. Akamshika kichwa kwa viganja viwili, akawa anasoma Ayatul Kursi chini chini. Daktari akaweka kijichuma chenye mpasuo chini ya ulimi kuunyanyua, kamba ikaonekana imetanuka, nyembamba hata taa inapita. Mkasi mdogo wenye ncha butu, mara moja, halafu kidogo tena. Nadhir alilia pale alipobanwa kichwa zaidi kuliko alipokatwa. Kitambaa kikawekwa pale kubana, nikaona doa la damu kama sarafu ya shilingi 200. Nikapewa mtoto, akashika ziwa akiwa bado ana kwikwi.

Nitasema ukweli, siku ile sikusikia tofauti kubwa. Siku ya pili alishika ovyo zaidi, kana kwamba kapewa ulimi wa mtu mwingine. Nikajuta. Chini ya ulimi palikuwa na doa jeupe linaloelekea manjano, nikadhani usaha, nikampigia muuguzi, akasema ndivyo kinavyopona. Mama mkwe alitaka kupaka asali, daktari alikuwa ameshakataza: asali si ya mtoto chini ya mwaka 1, hata ya kulamba. Mazoezi ya kusugua kidonda kwa kidole tuliyoyaona mtandaoni nayo daktari alituambia tusiyafanye, anyonye tu.

Siku ya sita usiku wa saa nane, ziwa la kushoto. Nilikuwa nimeng'ata upindo wa kanga kama kawaida yangu, nasubiri. Akashika. Nikasubiri. Ule mlio haupo, nasikia anameza tu, "kuh, kuh". Nikaangalia saa, dakika 17 akaachia mwenyewe, mikono imelegea. Chuchu ikatoka mviringo.

Leo ana siku 48, kilo 4.0. Kikombe tumekiosha tumekiweka kabatini.

---

Nyumba ya Tatu

Niko ofisini nafuta machozi.

---

Mvuvi wa Ziwa

Alhamdulillah. Dada, masikio alipimwa alipozaliwa?

---

Mama Nadhir

Hapana kaka, hawakumpima. Nimeulizia pale pale kliniki ya masikio, wamenipa tarehe, Jumatano ijayo.